Kisanduku cha Mwisho

Fomu ya hospitali ina visanduku kumi na viwili.
Uzito: gramu elfu moja mia moja arobaini.
Umri wa mimba: wiki ishirini na tisa.
Maziwa: kwa mrija, puani.
Cha mwisho kinauliza hatua iliyochukuliwa,
na hapo kalamu yangu hukwama
kama mlango uliovimba kwa mvua ya Brest.

Alhamisi ya kwanza muuguzi Soazig alinipokea:
"Ni yule wa namba sita, Madamu Tanguy.
Vipimo vyote safi, hatujui ana nini.
Ila hafumbui macho mama yake akiwapo."
Nikauliza jina. Akageuka kuutazama ubao.
Malo. Limeandikwa, hakuna aliyelitamka.

Nikavuta kigoda.
Sikuja na sindano, wala dawa, wala mizani.
Nina masikio mawili na goti linaloniuma,
na kazi yangu, mbele ya mtu asiye na meno wala maneno,
ni kukaa.

Basi nikakaa.
Nolwenn, mama yake, hakuniangalia.
Wala mtoto hakumwangalia.
Macho yake yalikuwa juu, kwenye skrini,
tisini na nne, tisini na moja, themanini na nane,
akipanda nazo, akishuka nazo,
midomo ikimcheza kama mwenye kusali rozari.
Nikaona, nusura nisione:
mtoto alifumbua jicho moja,
akautafuta uso wa mama,
akaukuta umekwenda kwingine,
akalifumba.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Haya, hilo tumelikubali.
Na uchungu wa mzazi, aujuaye nani?
Namshuku mwana.
Namshuku huyuhuyu,
mwenye kiganja kisichotosha punje ya harage.

Wiki ya tatu nilimsemesha.
Si kwa sauti ile ya kubembeleza, ya kubana pua;
nilimsemesha kama anavyosemeshwa mtu:
"Malo, mama yako anaitazama mashine
kwa sababu usiku ule ulipozaliwa
mashine ndiyo iliyolia. Wewe hukulia.
Anaogopa akishusha macho
utaacha kupumua."

Daktari kijana aliyekuwa akipita akatabasamu,
tabasamu lile la kumpisha mwendawazimu njiani.
Sikumlaumu. Hata mimi sijui
kama Malo alisikia maneno, au pumzi,
au harufu tu ya kahawa yangu.
Aliyesikia ni Nolwenn.
"Nani amekwambia?" akauliza, bila kugeuka.
"Huyu wa namba sita," nikasema,
nikauma ulimi.
"Malo."

Hakulia. Ningependa kuandika kwamba alilia.
Alitoa leso, akafuta kioo cha sanduku la joto
ambacho hakikuwa na vumbi.
Akafuta, akafuta,
hadi mkono ukafika usawa wa uso wa mwanawe,
ukasimama hapo,
na macho, kwa kuufuata mkono, yakashuka.

Jicho lile moja lilikuwa wazi.
Sekunde nne. Nilizihesabu,
nami nikawa yuleyule, mtu wa tarakimu.
Kisha skrini ikapiga yowe, themanini na tano,
na uso wa mama ukapaa tena.

Ijumaa atakuja Erwan, baba, kutoka kwenye gati la kuchomelea vyuma,
mikono imesuguliwa hadi viwiko, nyekundu,
naye atasimama mlangoni aniulize mimi kama anaruhusiwa kuingia.
Mimi! Nitasogeza kigoda.

Jioni, fomu.
Hatua iliyochukuliwa.
Niliandika: Nilikaa.
Nikafuta; mkuu wa wodi hapendi neno fupi hivyo.
Nikaandika: Nilikaa katikati.
Nikaliacha.

Nje mvua ilikuwa ileile,
na goti liliniuma mpaka kituo cha tramu.